Mwongozo kamili wa kuchagua GPU ya bei nafuu bila kupigwa

Swali la "nina hela kiasi hiki, nichukue GPU (kadi ya grafiki) gani" huwa linajibiwa haraka sana, na majibu mengi ni ya kubahatisha, kwa sababu anayekujibu hajui pawasaplai yako inatoa wati ngapi, kesi yako ina nafasi gani, wala monita yako inachomekwa na kebo ya aina gani. Kadi nafuu sio ile yenye bei ndogo kuliko zote, ni ile ambayo ukishailipia hulazimiki kununua kitu kingine ili iwake. Kuna watu wananunua kadi kwa bei chee halafu wanaishia kubadilisha pawasaplai, kesi, mpaka monita, ukipiga hesabu unakuta hela yote ile ingetosha kadi ya maana zaidi tangu mwanzo. Kwa hiyo hapa tunaanza na mashine yako, majina ya kadi yatakuja baadaye, we vumilia tu.

1. Hakikisha kwanza shida ni GPU kweli

Washa gemu au ile programu inayokusumbua, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikifunguka Task Manager nenda Performance. Kama GPU inasoma 95 mpaka 100 muda wote basi kweli kadi ndio imezidiwa. Lakini kama GPU inazubaa kwenye 50 au 60 na gemu bado linakwama, tatizo liko kwingine, mara nyingi prosesa, na hapo usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa maana gemu linaweza kuwa limebana koa (viini vya kazi ndani ya chipu) moja au mbili tu wakati zingine zimekaa, jumla ikasoma 40 ukadhani iko poa.

Kuna njia nyingine rahisi zaidi: shusha rezolusheni ya gemu mpaka chini, mfano kutoka 1080p kwenda 720p. Fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikipanda sana, GPU ndio ilikuwa mzigo. Zikibaki pale pale, ni prosesa, na hata ukinunua kadi ya bei mbaya hutaona tofauti ya maana.

Na usisahau ram. Kama unatumia grafiki za ndani ya prosesa, yaani huna kadi kabisa, ile grafiki inakopa ram ya kompyuta kama memori yake, na ukiwa na kipande kimoja tu cha ram inapita njia moja nyembamba. Kuongeza kipande cha pili kinachofanana ili zifanye kazi mbili mbili kunaongeza fremu kwa kiasi ambacho kitakushangaza, hasa kwenye prosesa kama Ryzen 5 5600G, na kipande cha ram ni bei ndogo kuliko GPU yoyote yenye maana. Jaribu hilo kabla hujatoa hela.

Mtu wa kuandika nyaraka, kuangalia muvi na kuperuzi tu hana haja ya GPU. Zile GT 710 na GT 730 ambazo huwa zinauzwa kama "kadi ya gemu ya bei rahisi" faida yake kubwa ni kukupa sehemu ya kuchomeka monita kama prosesa yako haina grafiki ndani (zile Intel zenye herufi F mwishoni ndio hazina, na Ryzen nyingi za kabla ya 7000 ambazo hazina herufi G). Kwa gemu, grafiki za ndani za prosesa ya miaka ya karibuni zinazipita hizo kadi.

2. Fungua kesi, hapa ndio pesa inapookolewa

Hii hatua watu wanairuka kwa sababu haina raha, lakini ndio inayoamua karibu kila kitu. Zima mashine, chomoa umeme, toa ubavu wa kesi, chukua simu piga picha za kila kitu. Unatafuta mambo manne.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni pawasaplai. Ubavuni ina stika yenye jedwali. Usisome ile namba kubwa iliyoandikwa kwa mbwembwe, nenda kwenye safu ya +12V uangalie ampia, halafu zidisha kwa 12. Mfano stika inasema 500W kwa maandishi makubwa lakini +12V imeandikwa 20A, basi 20 mara 12 ni wati 240 tu, na GPU na prosesa zote zinakula kutoka hapo hapo kwenye 12V, kwa hiyo hiyo sio 500 kwa matumizi yako hata kidogo. Ikiwa 30A ni wati 360, hapo tunaweza kuongea. Kama kuna laini mbili za 12V usizijumlishe tu kichwa kichwa, tafuta kwenye stika jumla ya juu wanayoruhusu kwa laini hizo.

Bado upo kwenye pawasaplai, angalia waya zinazotoka. Sloti ya kwenye madabodi, ile ndefu ya PCIe, yenyewe inatoa wati 75 mwisho. Plagi ya pini 6 inaongeza 75 nyingine na ya pini 8 inaongeza 150. Hizo namba tatu zikae kichwani. Kama pawasaplai yako haina waya wowote wa pini 6 wala 8 wa GPU, bajeti yako imeshajichagulia yenyewe: unatafuta kadi isiyozidi wati 75 na isiyo na plagi ya umeme juu yake. Angalizo, kuna plagi ya pini 8 ya prosesa ambayo inafanana na ya GPU, sio moja. Ya prosesa inagawanyika 4 na 4, ya GPU inagawanyika 6 na 2. Usilazimishe ikae, mpangilio wa umeme ni tofauti, utaunguza.

Vipi zile adapta za kubadilisha plagi ya SATA kuwa pini 6? Achana nazo. Plagi ya SATA kwenye upande wa volti 12 imetengenezwa kubeba ampia 4.5, yaani wati 54, na pini 6 kadi inaruhusiwa kuvuta 75. Siku gemu limepamba moto ile plagi ya plastiki ndio inaanza kuyeyuka.

Jambo la pili, kesi. Kama mashine yako ni ile desktop nyembamba ya ofisini, mfano Dell OptiPlex au HP EliteDesk za umbo dogo, kadi ya kimo cha kawaida haiingii kabisa, unahitaji kadi ya kimo cha nusu ikiwa na bracket yake fupi (kile kibati cha nyuma kinachofungwa skrubu), uliza mapema kama bracket ipo kwenye boksi maana kadi inaweza kuuzwa bila hiyo. Pia hizo mashine pawasaplai zake nyingi zina umbo na plagi za kampuni yenyewe, huwezi kuingia dukani ukachukua yoyote ukafunga. Kwa kesi za kawaida chukua rula upime kutoka nyuma pale kadi inapofungwa skrubu mpaka mbele kwenye feni au sehemu ya hard disk, andika milimita, halafu linganisha na urefu wa kadi kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Pima na unene pia, kadi nyingi zinakula nafasi ya sloti mbili na zingine zinazidi kidogo, kama chini ya sloti kuna plagi za SATA zinaweza kuzibwa.

Tatu, madabodi. Kadi mpya ya PCIe inakaa kwenye sloti ya PCIe ya zamani na inafanya kazi, hofu sio kama itaingia, hofu ni upana wa njia. Kuna kadi zimeundwa na laini 4 tu za PCIe, maarufu zaidi ni RX 6400 na RX 6500 XT. Kwenye madabodi ya PCIe 4.0 zinahema vizuri, ila kwenye madabodi ya 3.0 zile laini 4 zinakuwa nusu ya kasi, na kwa sababu nyingi zina VRAM (memori ya kadi yenyewe) ya 4GB ambayo inajaa haraka, data inaanza kupita kwenye huo mrija mwembamba na gemu linaanza kushtuka shtuka. Halafu cha kuchekesha ni kwamba kadi za wanyonge kama hizi wanunuzi wake wengi wana madabodi za zamani. Kompyuta za zamani sana zinazotumia BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ya kizamani badala ya UEFI ya kisasa nazo zinaweza kukataa kadi mpya, skrini inabaki nyeusi, kwa hiyo tafuta kwanza kama kuna mtu ameshafunga kadi hiyo kwenye modeli ya mashine kama yako.

Nne, monita. Kama inachomekwa kwa VGA, ile plagi ya bluu, ujue kadi za Nvidia (zile za GT, GTX na RTX) kuanzia GTX ya 10 na kadi za AMD (zile za RX) za rika hilo hazitoi tena mawimbi ya analogi. Ile adapta ndogo ya DVI kwenda VGA haitasaidia, utahitaji adapta yenye saketi ndani ya kubadilisha HDMI au DisplayPort kwenda VGA. Ni bei ndogo, ila bora uijue leo kuliko siku kadi imefika.

3. Amua kadi itafanya kazi gani

Hapa sitakaa sana. Monita ya 1080p ya herzi 60 haihitaji kadi ya fremu 140, hizo zingine hutaziona. Gemu za mashindano zile nyepesi, kama Valorant, CS2 na Dota 2, zinategemea prosesa kuliko unavyodhani na kadi ndogo inazimudu. Gemu nzito mpya za hadithi ndizo zinazokula VRAM.

Kwa wa kuedit video, ishu ni enkoda iliyo ndani ya chipu, yaani sehemu inayobana video, sio fremu za gemu. RX 6400 na 6500 XT hazina enkoda ya video kabisa, na GT 1030 nayo haina, kwa hiyo mtu wa kurekodi skrini au kurusha laivu akinunua moja ya hizo amejifunga mwenyewe, kazi yote itarudi kwa prosesa. Kwa wa Blender na wa mambo ya AI nyumbani, Nvidia bado ndio njia isiyo na maumivu kwa sababu ya CUDA (mfumo wao wa kuendeshea kazi hizo kwenye kadi), na VRAM kubwa ina thamani kuliko kasi, ndio maana RTX 3060 ya 12GB pamoja na kwamba ilitoka 2021 bado inatafutwa.

4. Jifunze kusoma jina, maana jina linadanganya

Kosa la kawaida kabisa ni kuangalia GB peke yake. "Hii ina 4GB na ile ina 4GB, hii rahisi, nachukua hii." Memori kubwa kwenye chipu dhaifu haisaidii kitu. Ukitaka kujua kadi ina nguvu gani angalia chipu yake, kisha aina ya memori na upana wa basi (njia ya data kati ya chipu na memori), halafu ndio GB.

Kasi ya memori unaweza kuikokotoa mwenyewe: upana wa basi kwa biti, zidisha kwa kasi ya memori kwa gigabiti, gawanya kwa 8. Chukua GT 1030. Iliyotoka 2017 ina GDDR5, basi la biti 64 mara 6 gawanya 8 unapata 48 GB kwa sekunde. Mwaka 2018 wakatoa nyingine, jina lile lile, boksi linafanana, ila ndani wameweka DDR4, hesabu inakuja kama 16.8 hivi. Yaani imeshuka mpaka karibu theluthi, na jina halijabadilika hata herufi moja! Muuzaji hatakuambia, na huenda hata yeye hajui.

Mitego mingine ya namna hiyo ni hii, na nyingi bado ziko sokoni:

GTX 1060 ya 3GB sio tu kwamba imepunguzwa memori, hata koa zake ni 1152 wakati ya 6GB zina 1280. RTX 3050 ya 6GB iliyotoka 2024 ni kadi tofauti na ya 8GB ya 2022, koa ni chache na basi ni biti 96 badala ya 128, lakini ina uzuri wake nitauongelea sasa hivi. RTX 3060 ya 8GB ina basi la biti 128 wakati ya 12GB ina 192, kwa hiyo ukisikia "3060" uliza ya ngapi. GTX 1650 ipo ya GDDR5 na ya GDDR6, chukua ya GDDR6 kama bei ni ile ile. Na ile RX 580 yenye maandishi 2048SP ni RX 570 iliyovaa shati la kaka yake, RX 580 yenyewe ina 2304. Sio mbaya kama inauzwa bei ya 570, ubaya ni ukiilipia bei ya 580.

5. Sasa majina, kwa mpangilio wa umeme wako

*Huna waya wa GPU, mwisho wako ni wati 75.* Bora kuliko zote hapa kwa maoni yangu ni RTX 3050 ya 6GB, inakula wati 70, nyingi hazina plagi ya umeme, zipo za kimo cha nusu, na ina DLSS (teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu kwa kukuza picha ndogo). Chini yake ni GTX 1650, ila hakikisha ni toleo lisilo na plagi maana watengenezaji wengine waliweka pini 6 juu yake. RX 6400 inakula wati 53 tu na ni nyembamba, nzuri kwa kidesktop cha ofisini ambacho kesi yake inaruhusu sloti moja, ukikumbuka yale ya PCIe na enkoda. Ya zamani iliyozoeleka ni GTX 1050 Ti ya 2016, bado inacheza gemu nyepesi lakini ngoja usome kwanza kuhusu draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) huko chini.

*Una waya mmoja wa pini 8 na pawasaplai ya kueleweka.* Hapa ndio uwanja wa mtu wa bajeti, na kadi ambayo ningeitaja kwanza kwa mtumba ni RX 6600. Ilitoka 2021, 8GB, inakula wati 132 tu, na 1080p inaimudu vizuri. GTX 1660 Super ya wati 125 ni chaguo la chini yake, 6GB. RTX 2060 inakupa DLSS kwa wati 160. RX 580 ya 8GB kadi ya watu, lakini inakula wati 185 na umri umeenda, iwe bei ya kutupa ndio uichukue. RTX 3060 ya 12GB wati 170, hii ni ya mtu wa kazi mchanganyiko. RTX 4060 ya 2023 ni wati 115 pekee, nguvu nyingi kwa umeme mdogo, na mtu mwenye pawasaplai ya wasiwasi akiipata kwa bei ya kueleweka asiiache.

*Unanunua mpya kabisa.* RTX 5060 na RX 9060 XT za 2025 ndio ngazi hiyo. RX 9060 XT ipo ya 8GB na ya 16GB, na RTX 5060 Ti vivyo hivyo, hapo ukiweza kujikaza chukua 16GB maana utakaa nayo muda mrefu. Intel nao wana Arc B580 yenye 12GB iliyotoka Desemba 2024, kwa bei yake ina nguvu kweli, ila ina masharti: inahitaji kipengele cha Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi, kiwe kimewashwa kwenye BIOS, bila hicho inapoteza nguvu vibaya, na ikiwekwa na prosesa ya zamani inashuka zaidi kuliko wenzake. Mwenye Intel ya kizazi cha 4 au cha 6 aipitie mbali.

Kuhusu VRAM kwa ujumla: 4GB ni ya gemu nyepesi na za zamani, 6GB unapita kwa kushusha tekscha (picha zinazovikwa vitu vya kwenye gemu), 8GB ndio mahali pa kuanzia kwa gemu mpya za 1080p.

6. Draiva, kitu ambacho hakiandikwi kwenye tangazo

Kadi inaweza kuwa nzima kabisa lakini kampuni imeshaiacha. Nvidia wameshafunga draiva za kawaida za gemu kwa familia za Maxwell na Pascal, yaani GTX 750, za 900 na za 10 zote, tawi la draiva namba 580 ndilo la mwisho, na baada ya Oktoba 2025 zinapata za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Hiyo haimaanishi GTX 1060 inakufa kesho, gemu unazocheza leo zitaendelea, ila gemu jipya likitoka na likisumbua kwenye kadi hiyo usitegemee kurekebishiwa. Za Kepler kama GTX 660 na 760 ndio usiguse kabisa. AMD nao upande wa RX 400, 500 na Vega wameshazipunguzia huduma. Kwa hiyo kadi hizi zishushiwe bei kwa sababu hiyo, na wewe unapopatana litaje.

7. Kukagua mtumba

Mtumba sio ushamba, ukweli ni kwamba kwa bajeti ndogo mtumba ndio unakupa nguvu zaidi. Ila kuna kanyaboya.

Kanyaboya namba moja ni kadi ya zamani iliyobadilishwa BIOS ijitambulishe kwa jina jipya. Inayotembea sana ni chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti, za 2010 na 2011 huko, inauzwa kama "GTX 1050 Ti 4GB" mpya kwenye boksi lisilo na jina la kampuni inayojulikana. Ikiwekwa kwenye kompyuta Windows inaandika 1050 Ti kabisa, muuzaji anakuonyesha, unafurahi. Geuza kadi uangalie nyuma pale pa kuchomeka monita: kama kuna VGA, ile bluu ya pini 15, sio 1050 Ti hiyo, familia hiyo haina analogi kama nilivyosema juu. Halafu weka GPU-Z kwenye flashi uende nayo, ni programu ndogo ya bure, tangu toleo la 2.12 inaweza kugundua chipu nyingi za Nvidia zilizofojiwa na inaandika FAKE mbele ya jina. Hapo hapo kwenye GPU-Z hakiki aina ya memori, upana wa basi na idadi ya koa, linganisha na zile namba za juu.

Kadi za kuchimba kripto nazo zinaogopwa kupita kiasi. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa GPU tarehe 15 Septemba 2022 na kadi nyingi mno zikamwagika sokoni, kwa hiyo RX 580, 1660 Super na 3060 nyingi za mtumba zimepita huko. Chipu yenyewe huwa haina shida, vinavyochoka ni feni, pasta ya joto na zile pedi za memori. Swali la maana ni kama BIOS yake imerudishwa ya asili, maana wachimbaji walizibadilisha, na kadi ya namna hiyo inaweza kuzima au kutapatapa kwenye gemu. Usichukue P106-100, hiyo ni GTX 1060 ya kuchimbia tu, haina hata sehemu ya kuchomeka monita.

Ukaguzi wa macho: skrubu zilizokwanguliwa, maana yake imefunguliwa, uliza kwanini. Kutu kwenye bracket. Ubao uliopinda. Weusi au kuungua karibu na plagi ya umeme. Zungusha feni kwa kidole taratibu, ikikwama au ikicheza pembeni bearing imekwisha. Nusa pia, harufu ya kuungua haijifichi.

Kisha iwashwe, na usikubali "iwake tu uone picha". Endesha FurMark (programu ya kuibebesha kadi mzigo mzito) au gemu zito kwa dakika 15 hivi huku GPU-Z iko wazi kwenye kipengele cha Sensors. Joto likitulia kwenye sabini na kitu au themanini na kidogo ni kawaida, likikimbilia 90 na kuendelea ndani ya dakika mbili kuna kazi ya pasta au zaidi. Angalia kwa makini skrini: vidoti vya rangi, mistari, pembetatu zinazorukaruka, hizo ni dalili za memori au chipu kufa na hakuna bei inayofaa kwa kadi hiyo. Sikiliza kama feni zote zinazunguka. Ukipata nafasi jaribu kila plagi ya monita. Muuzaji anayekataa jaribio, we aga kwa heshima uondoke.

8. Piga hesabu kabla ya kulipa

Tafuta vipimo vya fremu vya gemu zako mwenyewe kwa kila kadi, kwa prosesa inayokaribiana na yako, halafu gawanya bei kwa fremu. Tuseme kadi moja ni vipande 100 vya hela na inatoa fremu 60, kila fremu inakugharimu 1.67. Nyingine ni vipande 130 na inatoa fremu 90, kila fremu 1.44. Ya pili inaonekana nafuu. Lakini kama hiyo ya pili inakulazimu ununue pawasaplai ya vipande 40, jumla ni 170, kila fremu ni 1.89, na sasa ya kwanza imeshinda. Weka kwenye hesabu adapta ya monita, bracket, na waranti pia: kadi mpya yenye waranti ya miaka miwili au mitatu inastahili kuzidi mtumba kidogo, ila sio mara mbili.

9. Kufunga na kuiwasha

Kabla ya kutoa kadi ya zamani, pakua draiva mpya ya kadi inayokuja, iweke tayari. Kama unahama kutoka AMD kwenda Nvidia au kinyume chake, safisha draiva ya zamani kwa Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye Safe Mode, hii inakuepusha na skrini nyeusi za ajabu ajabu. Zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha kesi utoe umeme tuli mwilini. Mwishoni mwa sloti ya PCIe kuna kishikizo kidogo cha plastiki, kibonyeze ndio uvute kadi ya zamani, ukivuta kwa nguvu bila kukibonyeza utavunja sloti.

Ingiza mpya mpaka usikie kile kishikizo kimebana, funga skrubu, chomeka plagi ya umeme mpaka mwisho. Halafu, hii ni ya kuchekesha lakini inawakumba wengi, chomeka kebo ya monita kwenye kadi, sio kwenye madabodi. Mtu analalamika kadi mpya haina nguvu kumbe picha bado inatoka kwenye grafiki za ndani.

Kama haitoi picha kabisa: toa kadi irudishe upya, hakiki plagi za umeme, rudisha monita kwenye madabodi uingie BIOS kuona kama kuna sasisho au kama imewekewa kulazimisha grafiki za ndani. Ikiwaka, sakinisha draiva, washa Resizable BAR kama madabodi inayo, na nenda kwenye mipangilio ya skrini ya Windows uhakikishe monita iko kwenye herzi zake za juu, maana huwa inabaki 60 hata kama monita ni ya 144.

Baadaye ukitaka kuongeza maisha ya kadi na kupunguza kelele, shusha volti kidogo kwa MSI Afterburner au kwa programu ya AMD yenyewe, joto linapungua na fremu karibu hazibadiliki. Na kwenye gemu nzito washa FSR (ya AMD, kazi yake inafanana na DLSS) kwa kadi yoyote, au DLSS kama ni RTX, kwa hali ya Quality. Tekscha ziache juu mpaka VRAM ijae, vivuli ndio uvishushe wa kwanza, vinakula sana na macho hayavimisi.